Mwongozo Kamili wa Kujifunza Msamiati wa Sheria wa Kiingereza Pamoja na Vihusishi Vyake

Anayeanza kujifunza Kiingereza cha sheria kwa kawaida hutafuta orodha ya istilahi: mdai huitwaje, mdaiwa huitwaje, hati ya kiapo huitwaje, dhamana huitwaje. Orodha hiyo ina manufaa, lakini haimfikishi mbali, kwa sababu sentensi ya sheria haisimami juu ya majina ya watu na hati peke yake. Inasimama juu ya uhusiano kati ya mtu na mtu, kati ya mtu na kosa, kati ya haki na masharti yake, na katika Kiingereza uhusiano huo mara nyingi hubebwa na kivumishi kimoja pamoja na kihusishi kidogo kinachokifuata. "Liable for" na "liable to" hutofautiana kwa herufi chache tu; ya kwanza hutaja jambo ambalo mtu anapaswa kuliwajibikia, ya pili hutaja adhabu inayoweza kumpata, au mtu anayemdai uwajibikaji huo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria, karani wa mahakama, mkalimani, ofisa utumishi na mwananchi mwenye mkataba mkononi, na msimamo wake ni mmoja: istilahi ya sheria isihesabiwe kuwa imejulikana mpaka kihusishi chake kijulikane.

Nchini Tanzania haja ya elimu hii haikuisha pale Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Hukumu za miongo mingi ambazo mawakili na majaji huzitumia kama rejea zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuzihamishia katika Kiswahili ni kazi ya mtu anayekisoma Kiingereza hicho bila kubahatisha. Nchini Kenya, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inazitaja lugha zote mbili kuwa rasmi, na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika katika kesi haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Mkalimani huyo akikosea kihusishi, anayeumia ni yule aliyesimama kizimbani.

Hatua ya kwanza: fahamu mahali ambapo Kiswahili hukuvuta pembeni

Katika Kiswahili, uhusiano ambao Kiingereza huuweka kwenye kihusishi mara nyingi huingia ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema mtu amelipia hasara au amehukumiwa kifungo, na hatuhitaji neno lolote la kuunganisha. Pale tunapolihitaji, "kwa" hubeba karibu kila mzigo: mtu hukamatwa kwa wizi, hushtakiwa kwa wizi, hutiwa hatiani kwa wizi, huwajibika kwa mwajiri na huwajibika kwa hasara. Kiingereza hubadilisha kihusishi karibu katika kila moja ya hatua hizo: "arrested for theft", "charged with theft", "convicted of theft", "answerable to the employer", "answerable for the loss". Anayetafsiri "kwa" kichwani mwake ataandika "for" au "by" kila mahali, na anayezoea "kuhukumiwa kifungo" ataandika "sentenced three years" bila ile "to" inayotakiwa. Makosa hayo katika barua ya kirafiki husameheka. Katika hati ya madai hayasameheki.

Dawa yake ni kubadili swali. Badala ya kujiuliza "kwa" huitwaje kwa Kiingereza, jiulize kitu gani kinafuata baada ya kivumishi: je, ni kosa, ni adhabu, ni mtu, ni hasara, ni chombo, au ni sharti? Kihusishi huchaguliwa kwa kushirikiana na kivumishi na aina ya kitu kinachofuata. Swali hili litarudi katika kila hatua iliyobaki, na ndilo ninaloliona kuwa na faida kuliko orodha yoyote ya kukariri.

Hatua ya pili: anza na maandishi yenye lugha zote mbili

Usianze na kamusi. Anza na sentensi ambayo tayari unaijua kwa Kiswahili. Ibara ya 13(1) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema: "Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo haki, bila ya ubaguzi wowote, kulindwa na kupata haki sawa mbele ya sheria." Kwa Kiingereza ibara hiyo husomeka hivi: "All persons are equal before the law and are entitled, without any discrimination, to protection and equality before the law."

Weka maandishi hayo mawili sambamba, kisha chukua penseli. "Equal before" haileti shida kwa sababu Kiswahili nacho husema "mbele ya". Shida iko kwenye "entitled". Kihusishi chake ni "to", lakini hakipo karibu nacho. Kati yao pameingizwa maneno "without any discrimination". Chora mstari kutoka "entitled" hadi "to", ukiruka maneno yaliyofungwa kwa mkato. Mstari huo ndio mfupa wa sentensi, na msomaji asiyeuona hudhani kwamba "entitled" imekamilika yenyewe, kisha akashangaa "to protection" imetoka wapi.

Sheria za jinai hufanya hivyo kwa urefu zaidi. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu ambacho kwa muda mrefu kimejulikana kama cha 265 kinasema kwamba mtu anayeiba kitu chochote kinachoweza kuibwa "is guilty of theft, and is liable, unless owing to the circumstances of the theft or the nature of the thing stolen some other punishment is provided, to imprisonment for seven years". Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kimejengwa kwa mtindo uleule, isipokuwa kifungo chake ni cha miaka 3. Angalia safari iliyopo kati ya "liable" na "to": kuna kishazi kizima kinachoweka pembeni hali ambazo zimewekewa adhabu nyingine. Zoezi la kuchora mistari katika vifungu vya namna hii lifanyike mpaka jicho lilizoee, kwa maana waandishi wa sheria hawataacha kuandika hivyo kwa sababu sisi tunachoka.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba "to" ina kazi mbili zinazofanana kwa sura. Katika "entitled to protection" inafuatwa na nomino. Katika "entitled to be heard" inafuatwa na kitenzi. "Entitled" na "liable" hukubali zote mbili. "Subject to" na "contrary to" hukubali nomino tu, kwa hiyo ukitaka kuweka tendo baada yake sharti uligeuze kuwa nomino: "subject to the approval of the board", kamwe si "subject to approve".

Hatua ya tatu: fuata kesi moja ya jinai tangu kukamatwa hadi rufani

Maneno yanayofuatana katika maisha hukaa vizuri zaidi kichwani kuliko maneno yaliyopangwa kwa alfabeti. Chukua kesi ya kubuni ya wizi, uisimulie kwa Kiingereza hatua kwa hatua, ukiandika kila kivumishi au kitenzi cha kutendwa pamoja na mkia wake.

Mtu anashukiwa: "suspected of theft". Anakamatwa: "arrested for theft". Anafikishwa mahakamani: "brought before the court". Anasomewa shtaka: "charged with theft". Huyu mpaka sasa ni "accused of theft", na sheria inamchukulia kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akikiri shtaka, Kiingereza husema "he pleaded guilty to the charge". Hapa wengi huteleza, kwa sababu wamezoea "guilty of". Tofauti ni hii: "guilty of" huelezea hali ya mtu kuhusiana na kosa, ilhali "plead guilty to" huelezea tendo la kulijibu shtaka lililosomwa. Mtu anaweza kukana shtaka, "plead not guilty to the charge", na mwisho wa kesi mahakama ikamwona "guilty of the offence". Mkalimani anayechanganya viwili hivyo anaweza kukigeuza kitendo cha kujibu kuwa uamuzi wa mahakama.

Wakati kesi inaendelea, mshtakiwa huwa nje kwa dhamana, "released on bail", au rumande, "remanded in custody". Mwishowe hutiwa hatiani, "convicted of theft", au huachiwa huru, "acquitted of theft". Ukitaka kusema ametiwa hatiani kutokana na kukiri kwake mwenyewe, kihusishi hubadilika kuwa "on": "convicted on his own plea of guilty". Baada ya "of" linakuja kosa, baada ya "on" unakuja msingi wa uamuzi. Halafu inakuja adhabu: "sentenced to three years' imprisonment for theft", ambapo "to" inatangulia adhabu na "for" inatangulia kosa, vyote katika sentensi moja. Asiyeridhika na uamuzi huitwa "a person aggrieved by the decision", maneno utakayoyakuta katika sheria nyingi mno za Afrika Mashariki, na hukata rufani "to the High Court against the conviction and sentence".

Simulizi hiyo iandike upya mara kadhaa ukibadilisha kosa. Utaona kwamba "with", "of", "to" na "for" hazibadiliki hata wizi ukigeuka kuwa shambulio au kughushi, na hapo ndipo mpangilio wake huanza kukaa bila kulazimishwa.

Hatua ya nne: ingia kwenye mikataba na uwajibikaji

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa na hatari kubwa, kwa sababu watu wengi husaini mikataba ya Kiingereza bila wakili pembeni.

Anza na familia ya uwajibikaji: "responsible", "accountable", "answerable" na "liable". Zote nne hukubali vihusishi viwili kwa mgawanyo uleule. "To" hutangulia mtu unayewajibika kwake, "for" hutangulia jambo unalowajibika nalo: "The manager is accountable to the board for the funds." "Liable" peke yake huongeza matumizi ya tatu, yale ya adhabu au mzigo wa kisheria: "liable to a fine", "liable to tax". Kwa hiyo ukiona "liable to", tazama kwanza kinachofuata. Kama ni mtu au kampuni, unasoma habari za nani anadai. Kama ni faini au kifungo, unasoma habari za adhabu.

Kisha tenganisha "entitled to" na "eligible for", maneno mawili ambayo mara nyingi husomwa kama kitu kimoja. Aliye "entitled to a bonus" tayari ana haki ya kudai malipo hayo, mradi masharti ya mkataba yametimia. Aliye "eligible for a bonus" ana sifa za kufikiriwa tu, na mwajiri anaweza kuamua kutompa. Mkataba wa ajira ukiandika neno la pili mahali ambapo uliahidiwa la kwanza kwa mdomo, uliza kabla ya kusaini. Likizo ya mwaka ni mfano mzuri wa haki iliyokwisha kuwekwa na sheria: Tanzania Bara, sheria ya ajira na mahusiano kazini inaweka siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka siku za kazi zisizopungua 21. Katika mkataba, haki kama hiyo huandikwa kwa "entitled to".

Maneno "subject to" yanastahili ukurasa wake kwenye daftari lako. Yanapokaa mbele ya kifungu kingine, kama katika "Subject to clause 7, the tenant may sublet the premises", maana yake ni kwamba kifungu cha 7 kina nguvu zaidi. Ruhusa uliyopewa inaishia pale kifungu cha 7 kinapoanzia. Msomaji anayeshangilia ruhusa bila kukifungua kifungu cha 7 amesoma nusu ya sentensi. Kinyume chake ni "notwithstanding clause 7", ambapo sentensi unayoisoma ndiyo yenye nguvu na kifungu cha 7 hakiwezi kuizuia.

Ziko pia jozi zinazotazama jambo moja kutoka pande mbili. Mkataba ni "binding on the parties", na wahusika ni "bound by the contract". Mtu aliyeingia mkataba ni "party to" huo mkataba. Akiuvunja, yuko "in breach of" huo mkataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo imefuata kwa karibu Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, inasema kwamba mkataba uliopatikana kwa shinikizo au udanganyifu ni "voidable at the option of the party whose consent was so caused", yaani unaweza kubatilishwa kwa hiari ya yule ambaye ridhaa yake ilipatikana kwa njia hiyo. "Voidable" bila "at the option of" haijatuambia nani ana uwezo huo, na ndilo swali la kwanza ambalo mteja atamuuliza wakili wake.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ambayo kwa Kiingereza husomeka "entitled to receive, from the party who has broken the contract, compensation for any loss or damage caused to him thereby". Ichambue polepole. "Entitled to" inafuatwa na kitenzi "receive". "From" inamtaja anayelipa. "For" inataja hasara inayofidiwa. "To him" inamtaja aliyepatwa na hasara. Ukiweza kuiandika upya kwa Kiswahili bila kupoteza hata mmoja wa wahusika hao, umeielewa.

Makundi yaliyobaki yapite haraka. Anayetolewa nje ya mzigo huandamana na "from": "exempt from tax", "immune from suit". Kulingana na kutolingana huandamana na "with": Ibara ya 2(4) ya Katiba ya Kenya inasema sheria yoyote iliyo "inconsistent with this Constitution is void to the extent of the inconsistency". Lakini "contrary" na "repugnant", zinazobeba maana ya karibu, huandamana na "to". Hakuna sababu ya kimantiki ya kukupa hapa. Zikariri kama zilivyo.

Hatua ya tano: yachunguze maneno unayodhani unayajua

Neno gumu lisilofahamika hukusimamisha, nawe hulitafuta. Neno la kila siku lenye maana ya pili ya kisheria hukuacha upite ukiamini umeelewa. "Consideration" mahakamani ni kitu cha thamani ambacho kila upande hutoa ili kupata ahadi ya mwenzake, wala si fikira au huruma. "Leave to appeal" ni ruhusa ya kukata rufani. "Prayers" ni maombi ambayo mdai anaiomba mahakama imtimizie. "To execute a deed" ni kutia saini hati kwa namna inayotakiwa na sheria, lakini "to execute a decree" ni kukazia hukumu. "Damage" ni uharibifu au hasara. "Damages" ni fidia ya fedha. "Minor" ni mtoto ambaye hajafikia umri wa utu uzima.

Maneno haya nayo yana mikia yake. Wito wa mahakama hupelekwa "on" mtu, "the summons was served on the defendant", ila ukimfanya mtu kuwa mwanzo wa sentensi kihusishi hugeuka: "the defendant was served with the summons".

Utakutana pia na maneno yanayotembea wawiliwawili, kama "will and testament" na "goods and chattels". Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala katika mahakama kwa muda mrefu, hata ikabidi sheria ya mwaka 1362 iagize kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, na waandishi wa hati walizoea kuweka neno la wenyeji kando ya neno lenye asili ya Kifaransa au Kilatini. Jifunze jozi hizo kama neno moja. Unapotafsiri, "wosia" unatosha.

Hatua ya sita: tengeneza daftari na mazoezi ya kila wiki

Kila istilahi ipewe nafasi ya kutosha. Andika kwanza sentensi nzima kutoka kwenye sheria au hukumu, pamoja na namba ya kifungu. Chini yake andika aina ya kitu kinachofuata kihusishi, kwa mfano "of + kosa", "to + adhabu", "for + hasara". Kisha andika tafsiri yako ya Kiswahili ya sentensi yote, halafu kosa ambalo wewe mwenyewe huelekea kulifanya, lipigiwe mstari. Neno lililoandikwa peke yake na maana yake pembeni lihesabiwe kuwa halijaandikwa.

Siku ya pili, funika vihusishi vyote na ujaribu kuvijaza. Rudia baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Zoezi lenye nguvu zaidi ni la kurudisha tafsiri: chukua ibara ya Katiba kwa Kiswahili, iandike kwa Kiingereza bila kutazama, kisha linganisha na maandishi rasmi. Tofauti yoyote katika kihusishi ichunguzwe mpaka ujue kama yako ni kosa au ni njia nyingine inayokubalika.

Soma kwa sauti pia, hasa kama unajiandaa kusimama mahakamani, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza hudanganya. Katika "debt" na "subpoena" herufi b haitamkwi, na "indict" hutamkwa kama "indait".

Hatua ya saba: thibitisha kabla ya kutumia

Kamusi za wanafunzi wa Kiingereza huonyesha kihusishi kinachoandamana na kila kivumishi. Zitumie kabla ya kamusi za lugha mbili, ambazo mara nyingi hutoa maana tu. Baada ya hapo ingia katika maktaba za mtandaoni za sheria zilizo wazi bila malipo, TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya, utafute kifungu cha maneno ukikifunga kwa alama za kunukuu, kwa mfano "liable for the loss". Kupatikana mara moja si uthibitisho, kwa sababu hata hukumu huandikwa na binadamu, na nyingine hunukuu maneno ya wahusika kama yalivyosemwa. Sheria iliyotungwa na Bunge itangulie, hukumu za mahakama za juu zifuate.

Ukimaliza jinai na mikataba, chagua tawi moja linalogusa kazi yako na uanze upya kwa utaratibu uleule. Kwa msomaji wa Tanzania ningependekeza ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, "vested in the President as trustee on behalf of all citizens", yaani imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Andika sentensi hiyo kwenye ukurasa mpya, chora mistari yako, kisha tafuta ni mamlaka gani "vested with powers" na useme kwa maneno yako kwa nini mali hutumia "in" na mwenye madaraka hutumia "with".